Tulivyokwenda Tamasha la Bia Kule Jeddah

Tangu nirudi Eldoret, swali ninaloulizwa sana si kama niliteswa, wala kama nilijifunza Kiarabu. Ni hili: eti kweli ulienda tamasha la bia Saudia? Ile picha niliyomtumia rafiki yangu Chebet, nimesimama mbele ya chupa ndefu kama nguzo ya stima, ilizunguka simu zote za mtaa, na sasa hata mke wa mchungaji ananisalimia kwa tahadhari. Nimechoka kujibu mtu mmoja mmoja, kwa hivyo nitaeleza mara moja tu. Mambo ya ajenti na viza nayaruka, mnayajua. Na kwa kuwa najua kuna wale wanaojiandaa kwenda matamasha ya bia Nairobi, ushauri wangu nimeuchanganya humu humu. Nilihudumu baa kabla ya kwenda Uarabuni, umati na vinywaji navijua. Ila sikuwa nimewahi kuona umati ukikanyagana kwa ajili ya kinywaji ambacho hakiwezi kulewesha hata kuku.

Riyadh, kabla ya kuondoka

Bosi wangu aliuza vinywaji kwa jumla, na kazi yangu kubwa nyumbani kwake ilikuwa mama yake. Sote tulimwita Sitti, yaani bibi. Sitti alikuwa mama mnene, magoti yalishakataa kazi, lakini ulimi wake haukuwahi kuugua hata siku moja. Mimi ndiye niliyemwogesha, nikamvalisha, nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu, na kusikiliza kila alichofikiri kuhusu mkwe wake.

Siku moja bosi akatangaza kwamba kampuni za vinywaji vya kimea zimeandaa tamasha kubwa Jeddah na sote tutaenda. Wenyewe kinywaji hicho wanakiita bira. Dereva wetu, Mutua wa Kitui, alikuwa analeta maji jikoni akalisikia neno hilo, akasimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake. Nikamweleza kwamba ni bira ya madukani, ile ya tufaha na ndimu, haina kitu ndani. Akanitazama kwa huruma. Kwa maoni yake, watu hawawezi kusafiri kutoka pembe zote za nchi kufuata juisi. Lazima kuna meza moja, nyuma kabisa, yenye kitu chenyewe. Tangu siku hiyo aliosha gari kila asubuhi akiimba nyimbo za kanisa.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Nilifika Saudia kwa ndege moja na Agnes, mdogo wangu wa tumbo moja. Uwanjani Riyadh tulitenganishwa kama mizigo. Mimi nikachukuliwa na bosi, yeye akapandishwa ndege nyingine kwenda Jeddah, kwenye nyumba moja ya mtaa wa Aziziya. Sikumwona tena. Madam wake alimnyang'anya simu kwa sababu, alisema, simu inamfanya mvivu. Mara chache aliongea nami kwa simu ya binti wa nyumba hiyo, akinong'ona jikoni. Mkataba wake ulikuwa umeisha. Akiuliza tiketi, anaambiwa baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, ikawa baada ya Hija. Hija ikapita, ikawa baada ya harusi ya mpwa. Mara ya mwisho alininong'oneza kwamba kuna siku atafungua tu mlango na kutembea, popote pale. Na kule mtu akimtoroka kafili wake, yaani mwajiri mwenye viza yake, anakuwa mhalifu kabla hajavuka barabara.

Katika simu hiyo hiyo nilipomweleza habari za tamasha, akasema madam wake haongei jambo lingine, nyumba nzima itaenda. Alikuwa ameona tangazo.

"Tukutane kwenye chupa kubwa," akasema, halafu simu ikakatika.

Riyadh hadi Taif

Tuliondoka mapema kwa magari mawili. Bosi, madam mkewe na watoto walitangulia na gari jipya. Sitti, kiti chake, mimi na Mutua tukafuata na lile gari kubwa la kuletea bidhaa sokoni, kwa sababu kiti kilitoshea humo tu. Mchanga, nguzo, mchanga, ngamia, mchanga. Anayetaka maelezo zaidi ya njia ile namwambia akodolee macho karatasi ya kaki kuanzia asubuhi hadi alasiri.

Tulisimama kula kwenye kituo cha mafuta. Hoteli za huko zina upande wa wanaume na upande wa familia, na upande wa familia ni vyumba vidogo vyenye mapazia, kana kwamba kula wali ni upasuaji. Mutua alipelekwa kwa wanaume. Sitti akakataa nibaki garini kama madam alivyoagiza, akasema hali chakula akitazamwa na pazia. Tukaletewa sinia ya kabsa, wali wa rangi ya udongo na kuku mzima juu yake. Sitti akanichagulia paja. Nataka mlikumbuke paja hilo, kwa sababu baadaye nitamsema mama huyu, na sitaki mseme hakuwa na wema.

Ushauri wa kwanza basi, kuleni kabla ya kufika tamashani. Chakula cha tamasha lolote kina bei ya harusi na ladha ya matanga. Sitti alilijua hilo, ndiyo maana alibeba kikapu cha biskuti za tende alichokilinda mapajani kama mtoto mchanga.

Kikapu hicho kiliishia Taif. Mji uko juu milimani, na kwenye mteremko wa kushuka kuna nyani wanaokaa ukingoni mwa barabara kama askari wa trafiki, nao wanataka kitu kidogo vilevile. Mutua alisimamisha gari ili injini ipoe. Sitti akafungua dirisha apate hewa. Nyani mmoja dume akaingiza mkono, akachukua kikapu chote, akaenda kukaa juu ya ukuta, akaanza kula akitutazama. Sitti alimtukana kwa Kiarabu kilichonizidi kimo. Mutua akashuka na spana, nyani naye akasimama kwa miguu miwili, na mara Mutua akakumbuka kwamba injini imeshapoa.

Barabara ya Wakristo

Chini ya mlima bosi alikuwa ametusubiri ili atuage. Kabla ya Makka barabara inagawanyika, na kibao kinasema wazi kwamba Waislamu wapite huku, wengine wazunguke kule. Gari la bosi lilipita huku. Sitti angeweza kuhamia gari hilo, lakini asingeweza kukaa bila mtu wa kumshika akitaka choo, na madam alieleza kwa upole sana kwamba mgongo unamuuma. Kwa hivyo mwanamke aliyehiji zaidi ya mara moja akapitishwa njia ya mzunguko pamoja na Mpentekoste na Mkatoliki.

Hakunyamaza hata kilomita moja. Alisema amezaliwa karibu na Kaaba kuliko watu wote walioko kwenye gari lile la mbele, na leo anapelekwa njia ya makafiri kwa sababu ya magoti na mkwe mvivu. Mutua, ambaye Kiarabu chake kiliishia yalla na halas, yaani twende na basi, aliniuliza bibi anasema nini. Nikamwambia anasema barabara ni nzuri. Mutua akamgeukia, akamwonyesha dole gumba. Sitti akashangaa, kisha akacheka mpaka nikamfuta machozi.

Ni katika mzunguko huo nilipomweleza habari za Agnes. Sikupanga. Aliniuliza mbona natazama simu kila mara, nikajikuta nimesema yote, mkataba, harusi ya mpwa, mlango. Aliuliza tu huyo madam wa Aziziya anaitwa nani na ni binti wa nani. Jina nililijua, baba yake sikumjua. Akafumba macho. Nikadhani amelala.

Ruwais

Jeddah tulifikia mtaa wa Ruwais, karibu na bahari, kwenye nyumba ya ukoo wao ambayo sasa imebanwa na fleti za wafanyakazi. Sitti alizaliwa hapo, baba yake akiuza samaki. Nyumba ilinuka unyevu na samaki wa zamani, na yeye akavuta pumzi ndefu kama anayenusa manukato. Majirani wazee wakaja mmoja mmoja kumbusu kichwa. Hawakuuliza habari za bosi wala biashara yake. Waliulizana nani amekufa, nani ameoa mtoto wa nani, na nani sasa anajifanya hamjui mtu. Mimi nilikuwa namimina kahawa, nikamsikia akilitaja jina la madam wa Agnes. Bibi mmoja akajibu kirefu, wakaangaliana, wakacheka kidogo. Sikuelewa kitu.

Uwanja wa tamasha

Kesho yake, jua lilipoanza kupungua makali, tulikwenda. Bosi na familia waliingia kwa kadi za wageni maalumu, wakatuachia foleni.

Foleni zilikuwa mbili, ya familia na ya wanaume watupu. Ya wanaume watupu haikuwa inaenda popote, ilikuwa jela iliyosimama juani. Mutua alielekezwa huko. Akamweleza askari kwamba yeye ni dereva wa familia. Askari akamuuliza familia iko wapi. Mutua akaninyang'anya mikono ya kiti, akainama sikioni mwa Sitti na kusema kwa Kiarabu chake, "Mama, yalla." Sitti akamwambia askari huyu ni mwanawe. Askari akamtazama bibi mweupe kama unga, akamtazama Mutua wa Kitui, akaona joto lile halistahili mabishano. Tukapita.

Ushauri wangu mkubwa kuliko wote ndio huu. Kama una bibi, nenda naye kwenye kiti cha magurudumu. Umati ambao hauwezi kumpisha mjamzito unafunguka mbele ya bibi anayekanyaga watu vidole bila kuomba radhi. Wakati wengine walikuwa wanasukumana kwenye kibanda cha kwanza, sisi tulishaonja vibanda vyote vya mstari wa mbele. Na msinywe kibanda cha kwanza. Kila mtu hujaza tumbo hapo kwa pupa, kisha vilivyo vizuri anavikuta ndani hana nafasi.

Si kwamba vilikuwepo vizuri. Palikuwa na bira ya komamanga, ya stroberi, ya embe, ya mnanaa, na moja ya rangi ya buluu ambayo hata aliyekuwa anaigawa hakujua ni tunda gani. Vijana waliinua glasi zenye povu, wakapiga picha, wakafuta povu mdomoni kama mabaharia. Nilipofanya kazi baa nilizoea kuwaona watu wakinywa bia na kusema ni soda. Hapa walikunywa soda na kuomba dunia iamini ni bia.

Mutua hakukata tamaa. Alipita meza hadi meza akimkonyeza kila mhudumu, na kila mhudumu, akidhani ana tatizo la jicho, alimpa kikombe kingine. Baadaye akanijia na uso unaong'aa, akasema amekipata, kichwa kinazunguka. Nikamwambia hiyo ni sukari. Akasema mimi ni mwanamke, siwezi kujua. Kisha akauliza choo kiko wapi, na ndipo alipoiona foleni ya choo. Hapo sitawapa ushauri. Mwenye akili ataelewa kwa nini nasema mjue choo kilipo kabla hamjajua bia ilipo.

Nami nilikuwa natafuta chupa kubwa. Niliiona tangu langoni, puto refu la kijani, nikaenda kusimama chini yake na Sitti, na hapo ndipo ile picha ilipopigwa. Agnes hakuwepo. Tukangoja. Nikageuka, nikaona chupa nyingine kubwa, ya kahawia. Nyuma yake nyingine. Kila kampuni ilikuwa imesimamisha ya kwake, na kila moja ilikuwa kubwa. Nilimsukuma Sitti kutoka chupa hadi chupa, nikiangalia uso wa kila mwanamke mweusi aliyebeba mtoto wa watu. Chini ya kila chupa palikuwa na watu wanaopiga simu wakisema, "Niko kwenye chupa kubwa." Mkipanga mahali pa kukutana, chagueni kitu kibaya, kitu ambacho hakuna mwingine angetaka kusimama karibu nacho. Pipa la takataka linafaa sana.

Nikafikiria maneno ya Agnes kuhusu mlango. Mahali kama pale, mtu akitaka kupotea, hakuna wa kumwona.

Mlango wa hema la swala

Adhana ya magharibi ikaita. Vibanda vikashusha turubai, muziki wa matangazo ukakatwa, na umati wote ukageuka upande mmoja. Sitti akaniamuru nimpeleke kwenye hema la wanawake. Nilimwingiza, nikamweka safu ya mwisho, nikatoka kumsubiri na mkoba wake.

Hapo nje, kwenye mkeka, tulikuwa sisi. Sikuwa nimefikiria. Wanawake wakiingia kuswali, wanawaacha nje Wakenya, Wafilipino na Wahabeshi wasio Waislamu, wakilinda viatu, mikoba, simu na vitoto vilivyolala. Kumbe tamasha zima lilikuwa na mahali pamoja tu pa kukutana, nasi wawili tulikuwa tumekimbilia maputo.

Agnes alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, ameshika kigari cha mtoto kwa mguu. Nilimtambua kwa shingo. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa imechunika kwa dawa za kusafishia. Aliponiona hakulia wala hakusimama. Alisogeza viatu vya watu, akanipa nafasi.

Tuliongea haraka, kwa maana swala si ndefu. Akaniambia amengoja hadi leo kwa ajili yangu tu. Kuna mwanamke amemwahidi chumba na kazi za vibarua, na usiku huu madam akiingia garini hatamkuta. Nakala ya ikama, kile kibali cha ukaazi, ameificha kwenye soksi.

"Ukishikwa?" nikamuuliza.

"Nikishikwa watanirudisha nyumbani. Si ndiko nataka?"

Nikamwambia wanawake wangapi walishikwa na hawakurudishwa nyumbani wala popote. Akasema anajua. Nikamwomba angoje. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, angoje nini, harusi ya nani tena. Nilimshika tu mkono, nao ulikuwa mkavu kama gamba.

Wakaanza kutoka. Nilimtoa Sitti, nikamwonyesha Agnes. Sitti akamtazama toka kichwani hadi kwenye viganja, macho yakatulia kwenye viganja. Ndipo madam wa Agnes akatoka, ananukia vizuri, anamwita mtumishi wake kwa kupiga vidole.

Sitti akamsalimia. Akamuuliza yeye ni binti wa nani. Yule akajibu kwa fahari. Wanawake waliokuwa wanavaa viatu wakapunguza mwendo.

"Nilijua," Sitti akasema. "Mama yako tulikaa naye ukuta mmoja Ruwais. Alikuwa akija kwetu asubuhi kuomba moto, na baba yangu hakumwambia arudi baada ya Ramadhani."

Madam akatabasamu bila kuelewa. Sitti akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kwamba amesikia mkataba wa msichana huyu ulishaisha. Je, ni kweli? Madam akasema kuna mambo ya karatasi, mume wake anashughulikia. Sitti akasema karatasi nzito hivyo mtu mmoja hawezi kuzibeba, basi kesho alasiri waje nazo Ruwais, na pasipoti ya msichana, wanywe kahawa na wazee waliomjua mama yake. Wote watakuwepo. Wote wangependa kusikia.

Viatu vilivaliwa polepole kuliko viatu vyovyote nilivyowahi kuona. Madam akasema, "Inshallah." Sitti akamwambia inshallah ni ya mvua, yeye anataka saa ya kahawa.

Agnes hakuelewa maneno yote, lakini alielewa uso wa madam wake. Hakutoka mlangoni usiku ule.

Wakaja kweli. Mume ndiye aliyebeba pasipoti, akaiweka kwenye sinia kando ya tende, akaahidi viza ya kutoka nchini mbele ya wazee wote. Nilimimina kahawa, sikumwaga hata tone.

Kurudi Riyadh

Njia ya kurudi ilikuwa ya Mutua na tumbo lake. Tulisimama kila kituo. Bado aliapa kwamba ile ya buluu ilikuwa na kitu. Sitti alilala karibu njia nzima, na mimi nikatazama mchanga ule ule, nikauona mzuri.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa chumbani kwa Sitti nikimkanda magoti, simu ikaita, namba ya Kenya. Alikuwa Agnes. Hakuwa ananong'ona. Alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake mama alikuwa anapiga kelele zaidi, na kuna mtu alikuwa anafukuza mbuzi. Nilimwambia Sitti, akafurahi mno, akataka nimsalimie mama yetu na nimwambie amlee vizuri binti yake, amempata kwa shida.

Mkataba wangu nami, uliokuwa mrefu kuliko wa Agnes, ulikuwa umeisha mwezi ule. Nikaona hakutakuwa na wakati mzuri kuliko huo. Nikaweka simu kando bila kuikata, nikamwambia, "Sitti, na mimi muda wangu umekwisha. Nisemee kwa bosi."

Akanipapasa shavu. Mkono wake ulikuwa laini, mimi ndiye niliyeupaka mafuta.

"Wewe si kama yule," akasema. "Yule alikuwa kwa watu. Wewe uko kwenu. Nani atanisukuma?"

Akarudisha mguu mapajani pangu, goti la kushoto, ndilo lililokuwa linamuuma zaidi. Kwenye simu Agnes alikuwa bado anaongea, anauliza na mimi narudi lini, mama anataka kujua. Nikamwambia mtandao ni mbaya, simsikii vizuri, nikakata, nikaendelea kukanda.